Faliro ya Kale: Mlango wa Bahari wa Athene

Ukiitazama ramani ya Ugiriki, utaona nchi iliyomegwa na bahari karibu kila upande. Maji yameingia katikati ya milima, visiwa vimetawanyika kama mbegu zilizomwagika, na si rahisi kupata kijiji kilicho mbali sana na pwani. Kwa sababu hiyo Wagiriki wamekuwa mabaharia tangu zamani, na historia ya miji yao mingi mikubwa ni historia ya bandari zake pia.

Juma hili twawaletea wasomaji wetu habari za mji mmoja mdogo wa pwani, uliokuwa bandari ya kwanza ya Athene. Mji huo ulinyang'anywa kazi hiyo miaka 2,500 iliyopita, lakini haukukoma kuwa mlango ambao kwao mambo makubwa yameingia na kutoka. Waitwa Palaio Faliro, maana yake Faliro ya Kale. Askari wetu pamoja na jamaa zao watapata humo mambo ya kuwafaa, maana mchanga wa Faliro umekanyagwa mno na watu wa vita, na wengi wao wamelala papo hapo.

MAHALI ULIPO

Palaio Faliro uko kilomita 6 hivi kutoka kitovu cha Athene, kwa upande wa kusini-magharibi, ukingoni mwa Ghuba ya Saroni. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 5, nao wakazi wake ni zaidi ya 60,000. Ndiyo maana nyumba nyingi ni za ghorofa, zimesimama bega kwa bega, na kila mwenye dirisha la kutazama bahari hujiona amepata bahati.

Upande wa mashariki umeinuka mlima Hymettus, ambao jua linapokuchwa hugeuka rangi ya zambarau. Upande wa magharibi, ng'ambo ya ghuba, yaonekana Piraeus, bandari kubwa ya Ugiriki, pamoja na meli zake ziendazo visiwani. Kati ya hapo na Faliro pwani imepinda kama mundu. Ufuko wake ni wa mchanga, na maji yake si ya kina kirefu karibu na nchi kavu.

Mito miwili, Kifisos na Ilisos, hushuka kutoka bara na kumwaga maji yake katika ghuba hiyo. Mgeni wa leo haioni mito hiyo kwa urahisi, maana sehemu kubwa imefunikwa, na magari hupita juu yake. Hivyo ndivyo ilivyo nchi ya zamani kama hiyo: chini ya barabara kuna mto, na chini ya bustani kuna makaburi, kama tutakavyoona.

BANDARI YA KWANZA

Hapo kale merikebu za Waathene zilikuwa nyepesi. Jioni mabaharia walizivuta juu ya mchanga, kama wavuvi wa pwani wavutavyo ngalawa zao. Kwa kazi hiyo ufuko wa Faliro ulifaa sana, na tena ndiyo sehemu ya bahari iliyo karibu zaidi na mji. Pausanias, msafiri Mgiriki aliyeandika habari za nchi yake katika karne ya pili baada ya Kristo, asema kwamba ukaribu huo ndio ulioifanya Faliro kuwa bandari ya Waathene.

Msafiri huyo aongeza kwamba kutoka hapa Menestheus aliondoka na merikebu zake kwenda vita vya Troya, na kwamba ni hapa pia Theseus alipong'oa nanga kwenda Krete. Hadithi ya Theseus yajulikana na wengi. Kijana huyo alikwenda kupambana na dubwana lililokuwa likila watoto wa Athene, naye akaagana na babaye ya kwamba akirudi salama merikebu itapandisha matanga meupe, na akifa itarudi na matanga meusi. Alishinda, lakini katika furaha yake alisahau kubadili matanga. Mzee alipoona weusi unakuja kutoka baharini alijitupa akafa. Ni hadithi tu, lakini askari ataielewa vizuri: ishara iliyosahauliwa yaweza kuua kama risasi.

Pausanias aliona Faliro jambo jingine la kustaajabisha. Aliona madhabahu za miungu iliyoitwa “isiyojulikana”. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Mtume Paulo alipofika Athene alikuta madhabahu ya namna hiyo, akaanzia hapo mahubiri yake. Watu wa kale walihofu kumsahau mungu yeyote, hata yule wasiyemjua jina. Tukumbuke neno hilo, “asiyejulikana”, maana katika Faliro tutakutana nalo tena.

Wake zetu nao watapenda kujua kwamba Faliro ilisifiwa kwa kitoweo. Samaki wadogo wa ghuba hiyo, ambao sisi tungewaita dagaa, walipendwa sana Athene, hata mtunga michezo mashuhuri Aristophanes akawataja katika michezo yake. Maskini alikuwa na kitoweo chake, na tajiri hakukidharau.

WAAJEMI WAFIKA

Katika mwaka 490 kabla ya Kristo (K.K.) majeshi ya Uajemi yaliteremka Marathon, kilomita 40 hivi kutoka Athene, yakapigwa na Waathene. Lakini Waajemi hawakukata tamaa. Waliingia merikebuni wakazunguka rasi upesi, wakitumaini kuukuta mji hauna walinzi. Walipofika mbele ya Faliro waliona jambo wasilolitegemea: askari wale wale waliowapiga Marathon walikuwa wamekwisha kurudi mbio na kupanga safu zao. Mwanahistoria Herodotus asimulia kwamba merikebu zilitia nanga mbele ya Faliro kwa muda, kisha zikageuka kurudi Asia. Siku hiyo Faliro iliokolewa na miguu ya askari.

Miaka kumi baadaye Waajemi walirudi, safari hii wakiongozwa na mfalme wao Xerxes mwenyewe. Athene ilitekwa ikachomwa moto, na merikebu za Waajemi zikajaa katika ghuba ya Faliro. Xerxes aliteremka hadi pwani, akakaa barazani, akawauliza wakuu wa manowari zake mmoja mmoja kama wapigane baharini au wasipigane. Wote walisema wapigane, isipokuwa mmoja, naye alikuwa mwanamke. Huyo ni Artemisia, malkia wa Halicarnassus, aliyekuja vitani na merikebu zake mwenyewe. Alimwambia mfalme waziwazi kwamba hakuna haja ya kuhatarisha merikebu, maana Wagiriki wangetawanyika wenyewe kwa njaa. Xerxes alimsifu kwa shauri lake, kisha akafuata shauri la walio wengi. Katika mlango mwembamba wa bahari wa Salamis merikebu zake nyingi zilizama, na zilizosalia ziliondoka Faliro usiku. Kumsifu mshauri bila kumsikiliza hakuokoi jeshi.

BANDARI YAHAMISHWA

Ushindi wa Salamis ulikuwa ni kazi ya Themistocles, na ndiye pia aliyeiondolea Faliro cheo chake. Tangu mwaka 493 K.K. alikuwa amekwisha kuwaonyesha Waathene kwamba pwani iliyo wazi haiwezi kulinda manowari. Faliro ni ghuba pana. Adui huingia apendavyo, na upepo wa kusini hauna wa kuuzuia. Piraeus, jirani yake, ina bandari tatu zilizozungukwa na nchi kavu kama bakuli, na milango yake ni myembamba, yaweza kufungwa kwa mnyororo. Waathene walimsikiliza, na kazi ikaanza.

Hata hivyo Faliro haikuachwa mara moja. Karne hiyo ya tano ilipofika katikati, Waathene walijenga kuta ndefu za kuuunganisha mji na bahari. Ukuta mmoja ulikwenda Piraeus na mwingine ulikwenda Faliro, na huo wa Faliro ulikuwa na urefu wa kilomita 6 na zaidi. Baadaye ukajengwa ukuta wa pili wa Piraeus, sambamba na ule wa kwanza, na ukuta wa Faliro ukaachwa ubomoke. Hapo ndipo Faliro ilipotoka katika habari za mabaharia wakubwa, ikabaki na wavuvi wake.

Lakini mji usio na bandari waweza bado kutoa watu. Yasemekana kwamba Demosthenes, msemaji mkuu kuliko wote wa Athene, alizoea kuja katika ufuko huu kuhutubia mawimbi, ili sauti yake izoee kushindana na kelele za watu. Mwenyeji mwingine, Demetrius wa Faliro, aliitawala Athene kwa miaka kumi, toka 317 hadi 307 K.K. Husimuliwa kuwa alisimamishiwa sanamu zaidi ya 300, na kwamba alipopinduliwa zilivunjwa karibu zote. Alikimbilia Misri, kwa Mfalme Ptolemaio wa Kwanza, na jina lake limeambatana na mwanzo wa ile maktaba kubwa ya Iskandaria. Hivyo mtu wa Faliro aliyefukuzwa kwao alikuja kufanya kazi ya kukumbukwa katika ardhi ya Afrika.

KIFO CHA KARAISKAKIS

Tuvuke sasa karne nyingi, tufike wakati Wagiriki walipokuwa wakipigana kujikomboa kutoka katika utawala wa Waturuki. Katika mwaka 1827 ngome ya Akropoli, iliyo juu ya mji wa Athene, ilikuwa imezingirwa na jeshi la Waturuki, na ndani yake walikuwamo Wagiriki waliokuwa wakipungukiwa siku hadi siku. Msaada ulipaswa kutoka baharini, na bahari ya karibu ni Faliro. Hapo ndipo majeshi ya wapiganaji wa uhuru yalipokusanyika chini ya Georgios Karaiskakis, jemadari aliyekulia katika umaskini na kujifunza vita milimani.

Mnamo tarehe 4 Mei mwaka huo Karaiskakis alipigwa risasi katika mapambano madogo yaliyozuka kabla ya wakati uliopangwa, na kesho yake akafa. Vikosi vyake vilishikwa na majonzi na fadhaa. Hata hivyo shambulio lililokuwa limepangwa halikuahirishwa. Tarehe 6 Mei askari walipelekwa katika uwanda ulio wazi, wapanda farasi wa Waturuki wakawakata, na Wagiriki zaidi ya 1,000 wakafa. Akropoli ikasalimu amri mwezi wa Juni. Uhuru ulikuja baada ya hapo, lakini Wagiriki hawajasahau kwamba njia yake ilipita katika uwanda huo wa Faliro. Uwanja mkubwa wa mpira ulioko Faliro Mpya, jirani na Faliro ya Kale kwa upande wa Piraeus, waitwa kwa jina la Karaiskakis.

GARI MOSHI, TRAMU NA NDEGE ZA MAJINI

Athene ilifanywa mji mkuu wa nchi huru mwaka 1834. Watu wakaongezeka, na wenyeji wa mji wenye joto na vumbi wakaanza kutamani hewa ya bahari. Februari 1869 ilifunguliwa reli ya kwanza ya Ugiriki, kati ya Athene na Piraeus, nayo ikapita karibu na ghuba. Mahali pa kuogea pakajengwa, hoteli zikafuata, na Faliro Mpya ikazaliwa kando ya reli. Mwaka 1904 reli hiyo ilianza kutumia umeme, na hata leo ni njia ya kwanza ya treni za mji wa Athene, ikiwa na kituo kiitwacho Faliro.

Faliro ya Kale nayo ilipata tramu ya moshi katika miaka ya 1880, na baadaye tramu ya umeme. Familia zilipanda Jumapili asubuhi zikiwa na vikapu vya chakula, zikarudi jioni watoto wamelala mapajani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mabasi na magari yalizishinda tramu, na kufikia mwaka 1960 karibu njia zote za Athene zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Lakini magari yalipozidi hadi barabara zikaziba, watu walikumbuka chombo walichokitupa. Tramu mpya ilianza Julai 2004, kabla ya Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Athene mwaka huo, ambayo baadhi yake ilichezwa papo hapo katika pwani ya Faliro.

Siku hizi mgeni aweza kupanda tramu katika uwanja wa Syntagma, mbele ya Bunge, akashuka hadi pwani ya Palaio Faliro. Njia nyingine ya tramu hufuata bahari kutoka Piraeus, hupita mbele ya mji, hadi Voula kwa upande wa kusini. Apendaye basi au gari atateremka kwa Barabara ya Syngrou, pana na iliyonyooka, inayokwenda kutoka mjini hadi baharini kama mshale, kisha atakutana na barabara ya pwani iitwayo Poseidonos, kwa jina la mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Treni za chini ya ardhi haziingii Palaio Faliro, na kwa hiyo tramu ndiyo rafiki wa mwenyeji asiye na gari.

Kuna safari nyingine iliyopita hapa ambayo yatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 ghuba ya Faliro ilikuwa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza. Ndege hizo zilitua juu ya maji, zikatia mafuta, kisha zikaruka kuelekea Iskandaria. Tangu mwaka 1937 safari ya kutoka Uingereza hadi Durban ilifanywa kwa ndege za namna hiyo. Zilifuata mto Nile hadi katika maziwa makuu, zikatua Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikaendelea kusini. Hivyo barua iliyotiwa posta Lindi iliweza kupita juu ya maji yale yale yaliyojaa merikebu za Xerxes kabla ya kumfikia mwenyewe huko Ulaya.

MANOWARI YA AVEROF

Mgeni atembeaye ufukoni mwa Palaio Faliro ataona meli kubwa ya kijivu imefungwa gatini, mizinga yake ikielekea baharini. Huyo ndiye Averof, manowari yenye deraya iliyoundwa Livorno, Italia, na kufika katika ghuba hii mwezi wa Septemba 1911. Ina uzito wa tani 10,000 hivi. Imepewa jina la Georgios Averoff, mtoto wa mji mdogo wa milimani, Metsovo, aliyekwenda Misri na kutajirika huko Iskandaria. Alipofariki mwaka 1899 aliacha wasia wa fedha kwa ajili ya jeshi la wanamaji la nchi yake, na fedha hizo zililipa theluthi moja hivi ya bei ya meli hii.

Katika Desemba 1912 Amiri Pavlos Kountouriotis alikuwa ndani ya Averof karibu na mlango wa Dardanelles, alipoona manowari za Waturuki zinatoka. Meli zake nyingine zilikuwa nzito kwa mwendo. Aliziacha nyuma, akaenda mbele peke yake kwa mwendo wa kasi, akawarudisha Waturuki ndani. Januari 1913 walitoka tena karibu na kisiwa cha Lemnos, wakashindwa tena, na tangu siku hiyo bahari ya Aegea ikawa mikononi mwa Wagiriki.

Wajerumani walipoivamia Ugiriki katika Aprili 1941, ilitolewa amri ya kuizamisha Averof isije ikatekwa. Wanamaji walikataa. Waliiondoa usiku, wakaifikisha Iskandaria, na baadaye ikalinda misafara ya meli katika Bahari ya Hindi. Katika Oktoba 1944, baada ya Wajerumani kuondoka, Averof ilirudi katika ghuba yake ikiichukua serikali ya Ugiriki iliyokuwa uhamishoni. Ilistaafu mwaka 1952, na tangu miaka ya 1980 ni jumba la makumbusho. Watoto wa shule hupanda ngazi zake, huchungulia vyumba vya mabaharia, na huuliza jinsi watu wengi kiasi hicho walivyoweza kulala mahali padogo.

WATU WA ISTANBUL

Mlango wa Faliro haukupitisha majeshi tu. Baada ya vita vya mwaka 1922 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu wao kwa maelfu na maelfu, lakini Wagiriki wa Istanbul waliruhusiwa kubaki. Walibaki na maduka yao, makanisa yao na shule zao. Kisha katika Septemba 1955 maduka na nyumba zao zilishambuliwa na kuporwa, na mwaka 1964 Wagiriki wengi walifukuzwa nchini, wengine wakiwa na sanduku moja tu mkononi. Wengi waliohamia Athene walichagua kukaa Palaio Faliro, karibu na bahari, labda kwa kuwa mtu aliyezaliwa kando ya Bosporasi hawezi kulala vizuri asikoona maji.

Waliacha mali, lakini mapishi hayaporwi. Wanawake walikuja nayo vichwani mwao. Ndiyo maana Palaio Faliro yajulikana kwa vyakula vya Istanbul: nyama iliyokaushwa kwa viungo vikali, mbilingani zilizojazwa vitunguu na nyanya, mboga zilizoviringwa katika majani ya mzabibu, na vitamutamu vya asali na njugu. Mama aliyepoteza nyumba aliijenga tena jikoni, na wajukuu waliozaliwa Faliro waliujua mji wa babu zao kwa harufu ya sufuria kabla ya kuujua kwa ramani.

WALIOLALA FALIRO

Tumebakiza jambo lililo zito kuliko yote.

Mwanzoni mwa karne ya 20, na tena tangu mwaka 2012, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi ya zamani karibu na mahali ambapo Barabara ya Syngrou hukutana na bahari. Katika kazi hiyo ya pili waliona makaburi zaidi ya 1,500. Watoto wachanga wengi walikuwa wamezikwa ndani ya mitungi, wakiwekwa humo kwa upole kama watu walalao. Lakini mwaka 2016 ilitangazwa habari ya maiti wapatao 80, wanaume, wengi wao vijana, waliolazwa kwa safu katika shimo. Baadhi yao mikono yao ilikuwa bado imefungwa kwa pingu za chuma. Vyombo viwili vidogo vya udongo vilivyokuwa pamoja nao vilionyesha kuwa walikufa kati ya mwaka 650 na 625 K.K. Wataalamu wengine wamewaza kuwa huenda walikuwa wafuasi wa Kylon, mtu aliyejaribu kuipindua Athene wakati huo. Hayo ni mawazo tu. Hakuna jina hata moja lililosalia.

Kusini zaidi, katika barabara ya pwani ielekeayo Kalamaki, kuna makaburi ya namna nyingine. Ni Makaburi ya Vita ya Faliro, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mahali hapo palichaguliwa kwanza kwa ajili ya askari wa Kiingereza waliouawa Athene katika mapigano ya Desemba 1944 na baada yake, kisha wakaletwa na wengine waliokufa Ugiriki tangu 1941. Wamelala hapo zaidi ya watu 2,000. Mawe yote ni sawa, ya jemadari na ya kuruta, na majani yake hukatwa vizuri. Karibu 600 kati yao hawajulikani. Jiwe la askari wa namna hiyo husema tu kwamba ni askari, na kwamba Mungu anamjua. Karibu nao umejengwa mnara wenye majina ya karibu watu 3,000 wasiokuwa na kaburi linalojulikana, na ukumbusho wa askari 74 wa Kihindi waliochomwa kwa desturi ya dini yao. Asiye na kaburi ana jina, na asiye na jina ana kaburi.

Tume hiyo hiyo hutunza makaburi ya vita ya Dar es Salaam na ya Nairobi. Mwaka 2021 ilitoa taarifa ikikiri, na kuomba radhi, ya kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza heshima hiyo haikutolewa sawa kwa wote. Ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Walikuwa askari, na zaidi sana walikuwa wapagazi, wale ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Walibeba risasi na unga kwa vichwa vyao, wakafa kwa homa na njaa kando ya njia, na hakuna jiwe linalosema hata kwamba Mungu anawajua.

Hiyo ndiyo Faliro ya Kale. Jioni watu wake hushuka ufukoni kupunga upepo. Wazee huketi juu ya benchi wakitazama tramu ikipita, watoto hukimbizana kando ya Averof, na wavuvi wachache hutupa mishipi mahali walipowekwa zamani dagaa waliosifiwa. Adui aliingia hapa akatoka, serikali iliondoka ikarudi, bandari ilihamishwa, reli ikaja, tramu ikafa ikafufuka. Mambo yote hayo yameandikwa. Wale watu 80 wenye pingu hawakuandikwa, na hakuna awezaye kuwaandika sasa.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwako yuko mzee aliyepata kuvaa sare, au aliyekuwa na baba au babu aliyekwenda vitani asirudi, muulize leo jina lake kamili, kijiji chake na kikosi chake, uyaandike katika daftari na kuyaweka pamoja na hati za nyumba. Kazi hiyo haihitaji Tume wala jiwe.